Mawimbi ya ghuba ya Malindi wakati wa kusi: mwongozo kwa mgeni kutoka bara

Kila ikikaribia Juni simu yangu huanza kuita. Huyu yuko Nakuru, yule Eldoret, mwingine amepewa namba yangu na mtu aliyewahi kufikia kwangu. Maswali ni yale yale. Bahari iko vipi huko? Watoto wanaweza kuogelea? Maji yanatoka saa ngapi? Mbona picha za Watamu maji yametulia kama ya beseni, na hapa nimetumiwa video ya mawimbi yanayonguruma? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili mtu asome kabla ya kukata tiketi.

Ninazungumzia ghuba yenyewe ya Malindi, kuanzia gatini kuelekea kaskazini hadi mto Sabaki unapomwagika, na ng'ambo yake hadi Mambrui. Sizungumzii Watamu, wala Casuarina upande wa hifadhi ya baharini. Huko ni bahari nyingine.

Tofauti yake ni mwamba. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekingwa na mwamba wa matumbawe: mawimbi yakitoka kilindini huvunjikia huko nje, na maji yanayofika ufuoni yamekwisha nguvu. Matumbawe hayaoti kwenye tope. Mto Sabaki, ambao ndio huo huo Athi unaopita karibu na Nairobi kisha ukaitwa Galana, humwaga udongo mwingi wa bara kwenye ghuba yetu, na kwa hiyo hapa mwamba umekatika. Wimbi lililozaliwa mbali baharini linakuja moja kwa moja hadi miguuni pako. Ndiyo maana ghuba ni nzuri kuitazama, na ndiyo maana inataka adabu. Nadharia imeishia hapo.

Uje lini

Kusi, upepo wa kutoka kusini, huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, na hukaza zaidi Juni, Julai na Agosti. Ukitaka kuyaona mawimbi yenyewe, miezi hiyo ndiyo yake. Utakuta pia mwani mwingi umetupwa ufuoni, umelala kama mikeka. Si uchafu wa watu, ni bahari inajifagia. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, Desemba hadi Machi, mawimbi hupungua, lakini upepo husukuma maji ya mto kuja upande wa mji na bahari huwa ya kahawia, hasa vuli ikiwa imenyesha sana. Oktoba na Novemba, pepo zinapogeuka, bahari hutulia. Wazee huziita siku za matlai. Anayetaka kuogelea kwa raha aje siku hizo. Likizo ya shule ya Agosti ndiyo inayoleta familia nyingi, na ndiyo inayoangukia kwenye mawimbi makubwa. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa Agosti zaidi.

Vya kuandaa kabla ya kutoka

- Kalenda inayoonyesha mwezi wa angani, au jedwali la maji kujaa na kupwa linalotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Angalia pia taarifa ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Wakitoa onyo la upepo mkali na mawimbi, sikiliza. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Afrika Mashariki, serikali ilizuia watu kuogelea na kuvua, na ilikuwa haki yake.
- Nguo nyepesi za kuogea: kaptula na fulana ya kubana. Jinzi ikilowa ni jiwe. Leso na buibui ni nguo za heshima na za kupitia mjini, lakini wimbi hulifunga buibui miguuni likakuangusha kwenye maji ya magoti. Dada zangu huvaa suruali ya michezo na fulana ndefu, na wamesitirika vizuri tu.
- Kipenga. Sauti ya mtu haisikiki kwenye ngurumo ya kusi, hata hatua thelathini.
- Chupa ndogo ya siki, maji ya kunywa ya kutosha, kofia, na simu yenye chaji kwenye mfuko usiopitisha maji. Hifadhi namba 999 na 112 za dharura, na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.
- Mfuko wa kurudishia taka. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku kwenye maeneo ya hifadhi na fuo.
- Jerikeni tupu ya lita 20, kifuniko kimekazwa, na kamba ya mita ishirini na zaidi imefungwa kwenye mkono wake.

Hiyo jerikeni watu huicheka. Acha nieleze.

Mtoto wa dada yangu alikuja kutoka Nairobi akiwa na miaka kumi na sita. Ni muogeleaji hodari wa bwawa, shuleni alikuwa akishindana. Ilikuwa Agosti, siku ya bamvua, yaani maji yanapopanda na kushuka sana, na maji yalikuwa yameanza kutoka. Alisimama maji ya kiuno anatupungia mkono. Mimi niliinama kufungua karatasi ya viazi karai, nikainua kichwa, na yule mtoto alikuwa amekuwa kichwa tu, mbali. Alifanya kosa ambalo kila hodari wa bwawa hulifanya: alilenga ufuo, akaogelea kwa nguvu zake zote, na kila tukimtazama yuko pale pale au nyuma zaidi. Aliyemwokoa ni mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu. Hakuruka majini mikono mitupu. Alichukua jerikeni ya manjano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, akaikumbatia, akaingia nayo kwa pembeni, akampa mtoto aishike, na wote wawili wakaacha maji yawapeleke. Walitoka hatua kama mia tatu kaskazini yetu. Mtoto alipokaa mchangani vidole vyake vilikataa kuachia ule mkono wa jerikeni. Tulivifungua kimoja kimoja.

Tangu siku hiyo siendi ufuoni na wageni bila jerikeni.

Kitu ambacho hakimo kwenye orodha yangu, na ninakuomba usikilete: tyubu ya gari na maboya ya hewa ya watoto. Upepo huyabeba kuliko maji. Asubuhi mapema huvuma umande, upepo mwepesi wa kutoka barani, bahari inaonekana laini na kila mtu ametulia. Hapo ndipo tyubu na aliye juu yake hutoka nje polepole bila mtu kustuka.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kufuata mwezi

Watu huchagua Jumamosi. Wewe chagua mwezi kwanza, Jumamosi baadaye.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, siku hizo na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti yake huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti hupungua hadi karibu mita moja. Maji mengi yakitembea ndipo mkondo unapokuwa mkali. Kwa mgeni, maji mafu ni bora.

Saa zake unaweza kuzikisia bila jedwali, kwa hesabu ya mwezi wa Kiislamu kama wavuvi wanavyofanya. Mwezi mosi na mwezi kumi na tano, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Ikifika mwezi nane, mambo yamegeuka: yanajaa kama saa nne asubuhi, yanakupwa saa kumi jioni. Ni makisio, na jedwali lina dakika kamili, lakini makisio haya yanatosha kukuzuia kosa kubwa.

Kosa lenyewe ni hili: familia inakula chakula cha mchana, inalala kidogo, inafika ufuoni saa kumi jioni siku ya bamvua. Inakuta maji yamejaa pomoni, ufuo umebaki ukanda mwembamba, mawimbi yanavunjika juu ya mchanga wenye mteremko. Watoto wanaingia hapo hapo. Baada ya nusu saa maji yanaanza kutoka, na yanatoka na vilivyomo.

Hatua ya 2: Fika mapema

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, matatu ni nyingi. Aliyekuja na treni anashukia Miritini, anaingia mjini au anatafuta gari la Malindi moja kwa moja. Ukiwa Malindi, tuktuk itakufikisha ufuoni. Kwa Mambrui panda magari yanayoelekea Gongoni na Marereni, vuka daraja la Sabaki, shuka njia panda ya Mambrui umalizie na boda. Mambrui ni mji wa kale wa Waswahili, watu wanaswali na wanaheshimiana. Pita mitaani umevaa vizuri, nguo za kuogea zibaki za ufuoni. Ukifika chota mchanga uutazame juani. Una chembe zinazometameta kama vumbi la dhahabu, zinakushika kwenye vifundo vya miguu, na jioni utazikuta kwenye shuka.

Hatua ya 3: Uliza, na uulize vizuri

Tafuta wanapoegesha ngalawa na mashua. Tafuta mtu mzima, si kijana anayekuuzia safari. Anza na "Shikamoo mzee", ngoja "Marahaba", mjulie hali. Halafu uliza maswali yenye majibu: Maji yanajaa au yanakupwa sasa? Mkondo leo unavuta upande gani? Watoto wa hapa wanaogea wapi siku kama hii? Na je, leo nyinyi mmetoka kuvua?

Usiulize "Ni salama?" Mswahili hataki kumvunja mgeni moyo, atakuambia "Salama, hakuna neno." Swali la mwisho ndilo lenye uzito. Ikiwa vyombo vyote viko juu mchangani na bado ni asubuhi, swali lako limekwisha kujibiwa na wanaoijua bahari.

Vasco da Gama, ambaye nguzo yake wageni wote huja kuipiga picha, alifika hapa Aprili 1498 na hakuondoka kwenda India mpaka alipopewa baharia anayezijua pepo. Kusi ilikuwa inaingia. Walivuka chini ya mwezi mmoja.

Hatua ya 4: Kaa chini uitazame bahari dakika ishirini

Hii ndiyo hatua ninayoipigia magoti. Ukisahau mengine yote, shika hii. Dakika ishirini kwa saa, umekaa, mbali na maji, kabla mtu yeyote hajalowa unyayo. Wape watoto madafu, wape mabuyu, wafunge kamba ikibidi.

Kwa nini ishirini? Kwa sababu mawimbi huja kwa makundi. Utaona madogo, madogo, madogo, dakika tano, kumi, ukadhani ndiyo hali ya siku hiyo. Kisha yanakuja manne au matano makubwa mfululizo na kufika mahali palipokuwa pakavu. Anayeingia baada ya kutazama dakika mbili ameyaona madogo tu. Weka alama: pale wimbi kubwa kuliko yote lilipofikia, chomeka kijiti. Mikeka, viatu na bibi vikae juu ya kijiti hicho.

Wakati huo huo utafute mkondo unaovuta nje. Maji yote yanayoletwa ufuoni na mawimbi lazima yarudi, na hurudi kwa kupitia mfereji kati ya mafungu ya mchanga. Vitabu vinasema uutafute kwa rangi, maji yake ni ya buluu nzito. Ghuba yetu mara nyingi ni ya kahawia kila mahali, rangi haisaidii. Tafuta hivi:

Mstari wa povu umekatika. Kulia mawimbi yanavunjika meupe, kushoto yanavunjika meupe, katikati pametulia. Hapo penye utulivu ndipo penye mkondo. Tazama vipande vya mwani juu yake: vya pembeni vinakuja ufuoni, vya hapo vinakwenda baharini. Ukirusha kifuu cha dafu nacho kitakwenda.

Soma tena aya hiyo, kwa sababu kosa linalovunja nyumba nyingi limo humo. Mzazi anaangalia mawimbi kulia, anaangalia kushoto, anaona katikati pametulia, anasema, "Wanangu, njooni muogee hapa." Mikondo ya namna hiyo imepimwa ikifika mita 2 kwa sekunde. Bingwa wa dunia akipambana nayo atachoka kabla haijachoka yenyewe.

Ukiona sehemu mbili tatu za namna hiyo, au huelewi unachokiona, siku hiyo ni ya kutembea na kutazama. Hakuna hasara yoyote. Kutembea ufuoni maji yakiwa yamekupwa, mchanga umekuwa mpana na mgumu, ngurumo iko mbali, ni katika vitu vizuri kabisa vilivyoko Malindi.

Hatua ya 5: Weka alama nchi kavu

Kusi husukuma maji ya ufuoni kuelekea kaskazini. Utaingia mbele ya mkeka wako, utacheza dakika kumi, utainua kichwa na mkeka umekwenda kusini. Haukwenda, umekwenda wewe. Chagua mnazi wenye umbo lake au paa la rangi, na kila baada ya mawimbi machache ulitazame. Ukishapitwa na alama, toka majini kwa miguu, rudi kwa kutembea mchangani, uanze upya. Usiogelee kurudi.

Hatua ya 6: Ingia kwa ubavu, na usizidi kiuno

Simama ubavu kwa wimbi, miguu imepanuka, ukiwa unaliona. Usilipe mgongo kamwe, hasa unapopiga picha: anayepigwa picha amegeukia simu, na anayepiga anaangalia kioo, hakuna anayeiangalia bahari. Wimbi likija limesimama juu yako, usikimbie mbele yake. Vuta pumzi, inama, pita chini yake, ibuka nyuma.

Kiuno ndio mwisho kwa mtu mzima anayejua kuogelea. Asiyejua, magoti. Buruta miguu mchangani badala ya kukanyaga, ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aliyelala chini asikie na kuondoka.

Maji yakiwa yamejaa na mawimbi yanavunjikia juu ya mchanga wenyewe kwa kishindo, usiingie hata magoti. Wimbi la namna hiyo humwinua mtu na kumbwaga kichwa chini kwenye maji ya shibiri mbili. Shingo huvunjika hapo, si kilindini.

Mimi huingia maji yakiwa yamekupwa na ndiyo kwanza yanaanza kurudi. Lakini hapo nako angalia kitu kimoja: usisimame kwenye fungu la mchanga lililoko mbele, lenye mfereji nyuma yake. Unafurahi maji ya vifundo, na nyuma yako mfereji unajaa. Ukiona maji yameanza kupita nyuma yako, rudi saa hiyo.

Hatua ya 7: Gawa macho

Kwa kila kikundi awepo mtu mzima mmoja asiyeogelea, asiyeshika simu, asiyepakua chakula. Kazi yake ni kutazama tu, na kipenga kiko shingoni. Badilishaneni kila nusu saa, na mkibadilishana mtamkiane wazi: "Sasa ni wewe." Tukiwa kumi, kila mmoja hudhani wengine tisa wanaangalia. Mtoto mdogo awe mahali ambapo mkono wako unamfikia bila wewe kupiga hatua. Usimtegemee mtoto mkubwa kumlinda mdogo, na usitarajie kukuta mwokoaji kila mahali. Ukimkuta, msalimie, muulize, mtii. Bendera nyekundu ikipepea hakuna kuingia.

Aliyekunywa pombe haingii. Aliyetafuna miraa usiku kucha barabarani kutoka Nairobi alale kwanza.

Hatua ya 8: Mdomo wa Sabaki ni wa macho tu

Mto unapokutana na bahari pana uzuri wa pekee: ndege wa kila namna, heroe wakati mwingine, na mstari wa maji mekundu yanayoingia kwenye ya chumvi. Lakini mtoni mna viboko na mamba, na hapo mkondo wa mto na wa bahari hupigana. Nenda na mtu wa pale, asubuhi, simama mbali na ukingo. Usivuke kwa miguu hata ukiona maji yamepungua, maana ukirudi utakuta yamejaa.

Vile vile pale kwenye nguzo: kaa juu, karibu na nguzo. Usishuke kwenye majabali meusi. Jabali jeusi lililolowa linakuambia wimbi hufika hapo.

Hatua ya 9: Toka mapema kuliko unavyotaka

Saa kumi na moja kila mtu awe amekauka. Jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu na giza letu halina subira. Hesabu watu. Hesabu tena. Ufuo ukiwa na alama za kasa aliyepanda kutaga usiku, usizifukue wala usiwashe moto karibu.

Mambo yakiharibika

*Mkondo umekuchukua.* Haukuvuti chini, unakupeleka nje tu, na nguvu zake huisha ukishavuka pale mawimbi yanapovunjika. Lala chali, pumua, inua mkono mmoja. Usilenge ufuo. Ukiwa na nguvu, ogelea sambamba na ufuo, kuelekea mahali unapoona mawimbi meupe yanavunjika, kwa sababu meupe yanarudi ufuoni na yatakubeba. Kama huna nguvu, elea tu. Wanaoelea hupatikana.

*Mwenzako anazama.* Anayezama hapigi kelele. Kichwa kimeinuka nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini, mikono inabonyeza maji kama anayepanda ngazi. Piga kipenga, ita wavuvi, mtu mmoja apige 999 au 112. Rusha jerikeni yenye kamba. Kama kamba haifiki, aingie anayejua, na jerikeni mikononi. Usiruke mikono mitupu hata kama ni mwanao. Ninajua ninachokuomba. Anayezama atakupanda, na mtakuwa wawili.

*Ametolewa na hapumui.* Usimbonyeze tumbo kutoa maji, wala usimning'inize kichwa chini. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, bana pua, mpe pumzi tano za mdomo kwa mdomo. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, pumzi 2, mara 30, pumzi 2, bila kuacha mpaka msaada ufike au aanze kupumua. Akizinduka, hata akisema yuko sawa na anataka soda, apelekwe hospitali. Maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumrudia baada ya saa kadhaa.

*Konyeza, yule mnyama wa baharini laini anayewasha, amekuuma.* Suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, kisha mwagia siki. Usisugue kwa mchanga. Taa akikuchoma, ingiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, halafu hospitali.

*Bahari imerudi nyuma ghafla na si saa yake ya kupwa.* Samaki wanarukaruka mchangani na watoto wanakimbilia kuwaokota. Usiwafuate, waite wote, pandeni juu mbali na ufuo na mkae huko saa kadhaa. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilitoka Sumatra ikafika hadi hapa Malindi.

*Umefika, bahari imechafuka, na watoto wamekuja na kaptula zao kutoka Nakuru.* Usivunje sheria kwa sababu ya machozi. Panda gari kwenda Watamu, kusini kidogo tu. Siku ya bamvua, wahini kabla ya saa nne asubuhi: maji yamekupwa, nyuma ya mwamba pamebaki vidimbwi vya maji ya magoti, safi hadi unahesabu samaki. Valieni viatu, msikanyage matumbawe, na mtoke maji yakianza kurudi. Jioni, saa kumi, rudini Malindi mkae juu pale kwenye nguzo na viazi karai na ukwaju. Maji yatakuwa yamejaa, na wimbi likipiga jabali mtalisikia kwenye mawe mliyokalia.